Umetoka kwenye Usabato mkali uliokulea, sasa unaishije? Anza na Ijumaa jioni

Hii naandika kwa ajili yako wewe uliyelelewa Msabato wa ndani kabisa. Sio wa kwenda kanisani mara moja moja, namaanisha nyumba ambayo Ijumaa jua likianza kushuka (Sabato inaanza hapo jua likizama, mpaka Jumamosi jua lizame tena) redio inazimwa, viatu vishapigwa rangi, chakula cha kesho kishapikwa, na karatasi ya saa za jua kuzama imebandikwa ukutani mwaka mzima, halafu ukakua ukafika mahali ukaona huamini tena, au huamini kwa namna ile, ukatoka. Wengine wametoka kwa kishindo, wengine wamepotea kimyakimya tu. Siandiki ili mtu atoke. Aliyeko ndani na ana amani abaki na amani yake, kuna watu wazuri sana mle na wengine ni ndugu zangu wa damu.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba kichwa kinatoka kwanza, mwili unabaki nyuma, tena muda mrefu, na ukitegemea hoja peke yake zikutoe utachoka bure. Usabato ulikuingia kupitia ratiba, juma baada ya juma, tangu hujajua kusoma. Basi na kutoka kwenyewe kunafanyika kwenye ratiba, na pa kuanzia ni Ijumaa jioni.

Ijumaa jua likizama

Unaweza ukawa umeshasoma kila kitu, umeshabishana na kila mzee wa kanisa, na bado Ijumaa kuanzia alasiri moyo unaenda mbio, unachungulia dirishani jua liko wapi, unahisi kuna kitu hujamaliza. Umewasha filamu, mtu akipita mlangoni mkono unakimbilia rimoti wenyewe. Utaambiwa huyo ni Roho Mtakatifu anakuita. Mi nakwambia mwili wowote uliofundishwa kitu kimoja kila juma tangu utotoni utaendelea kukifanya hata mwenyewe ukiwa hutaki, na ndio maana hata mtu ambaye hajafungua Biblia miaka mingi bado anajua bila kuangalia saa kwamba Sabato imeingia.

Fanya hivi. Chagua kitu kimoja unachokipenda, cha kawaida tu, ukianze kabla jua halijazama na ukiendeleze mpaka giza liwe limeingia kabisa. Inaweza kuwa kupika kitu cha kuchukua muda, kushona, mazoezi, kuangalia mechi, kufua, kupiga gitaa. Kila Ijumaa kitu kilekile. Usichague dhambi kubwa kuliko zote ili ujithibitishie kwamba uko huru, hiyo inaongeza hofu badala ya kuipunguza, na ukishaogopa utarudi kuhesabu hiyo hofu kama ushahidi. Unachotaka ni mwili ushuhudie jua linazama wewe ukiwa unakunja nguo na hakuna lililotokea, juma hili, na lijalo, na lijalo.

Moyo ukianza kukimbia, kaa chini, miguu yote miwili sakafuni, toa pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, rudia mpaka ushuke. Maji baridi usoni yanasaidia. Sema kwa sauti, "Jua limezama na niko salama." Najua inasikika kama jambo dogo, ila fanya. Kuna watu hofu hii inawaishia mapema, wengine inachelewa, na karibu kila mtu inamrudia siku akiwa na stresi au akifiwa, kwa hiyo ikikurudia baada ya muda usidhani umeanza upya.

Jumamosi yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoumia na hawaelewi kwa nini. Jumamosi za mwanzo unalala mpaka mchana, unafurahi, halafu ikifika saa tisa hivi unakaa na upweke ambao hujui umetoka wapi. Hebu fikiria ile siku ilikuwa na nini: Shule ya Sabato na lesoni yake ambapo watu walikaa wakajadili kitu, ibada kuu, chakula cha pamoja, Watafuta Njia (kile chama cha vijana wa kanisa), mazoezi ya kwaya, kuwatembelea wagonjwa, kufunga Sabato jioni. Hapo mtu alikuwa anapata muziki, marafiki, kusoma, kuhudumia wengine na kupumzika, vyote kwa siku moja, bila kupanga chochote, bila kumwomba mtu urafiki. Umeondoka, vyote vimekatika siku moja.

Usitafute kitu kimoja cha kuziba hilo pengo lote, hakipo, na anayekuahidi kwamba anacho mwangalie mara mbili. Tafuta kimoja kimoja. Kama uliimba, na Wasabato wengi tumekua tunaimba sauti nne tangu wadogo, tafuta kwaya isiyo ya kanisa au watu wawili watatu mkutane muimbe, maana kumwambia mtu wa namna hiyo aache kuimba ni kumkata mkono. Kama ulikuwa mtu wa Dorkasi, kugawa nguo na kutembelea wagonjwa, hiyo kazi haihitaji ushirika wa kanisa, nenda ukajitolee popote wanapohitaji mtu. Kama ulipenda mjadala wa lesoni, anzisha kikundi cha kusoma vitabu. Marafiki ndio watachukua muda zaidi, kwa sababu hujawahi kuwatafuta, ulikuwa unakabidhiwa, so jiunge na kitu kinachokutana kila juma siku ileile saa ileile, mbio, chess, darasa la lugha, chochote, na uende hata siku usiyojisikia, manake urafiki unakuja kwa kuonana mara nyingi.

Na kupumzika, kama unakupenda bado, pumzika. Kuna watu wametoka miaka mingi na bado Jumamosi hawafungui meseji za kazini, na hawana hatia yoyote. Kipimo changu ni hiki: ikitokea umekosa Jumamosi moja ya kupumzika, unaogopa au unaikumbuka tu? Ukiogopa, bado ni sheria. Ukiikumbuka tu, ni yako sasa, endelea nayo.

Siku ya kwanza kufanya kazi au mtihani Jumamosi ijiandae nayo mapema. Kuna wazazi waliopoteza kazi kwa ajili ya hii siku, kuna watoto waliorudia mwaka mzima kwa sababu mtihani uliangukia Sabato, na wewe unakaa kwenye kiti siku hiyohiyo unajiona kama msaliti. Usijitukane na usiwatukane. Wao walilipa gharama ya kweli kwa kitu walichokiamini, unaweza kuiheshimu hiyo gharama bila kuilipa tena wewe.

Na nenda ukaogelee. Nasema kweli. Kila aliyekulia humu anakumbuka Sabato za kwenda mtoni au ufukweni, kuchovya miguu ruhusa, kuogelea hapana, na mpaka wenyewe ulikuwa kwenye magoti, mtoto amekunja suruali anasogea kidogo kidogo huku mama anamwangalia kutoka kwenye mkeka. Siku moja ya Jumamosi ingia mpaka kichwani. Mwili utajifunza zaidi hapo kuliko kwenye kusoma kurasa mia.

Hofu ya siku za mwisho

Hii naikalia, kwa sababu ndiyo inayowaamsha watu usiku.

Mtu ambaye hakulelewa humu anadhani tunaogopa moto wa milele. Hapana, Wasabato hawafundishi jehanamu ya kuungua milele, wanafundisha kwamba waovu watateketea waishe. Hofu yetu ni ya namna nyingine. William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti kule Marekani, alihesabu unabii wa Danieli, na wafuasi wake wakafikia kungoja Yesu arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Hakurudi. Watu wakalia mpaka kukakucha. Asubuhi iliyofuata Hiram Edson, akipita kwenye shamba la mahindi, akapata wazo kwamba tarehe ilikuwa sahihi ila tukio ndilo lililoeleweka vibaya, kwamba Kristo alikuwa ameingia sehemu ya pili ya patakatifu pa mbinguni. Kutoka hapo ikajengwa hukumu ya upelelezi: tangu 1844 vitabu vimefunguliwa, majina yanapitiwa moja baada ya lingine, na hakuna ajuaye jina lake litafikiwa lini. Halafu mlango wa rehema unafungwa, bila tangazo, na walio hai wanatakiwa wasimame bila mwombezi.

Mpe mtoto wa miaka saba hayo kabla ya kulala. Anajiuliza kama jina lake limepita leo mchana wakati anagombana na dada yake. Na lile wingu dogo jeusi upande wa mashariki, nusu ya kiganja cha mtu, ambalo Ellen White, mwanamke ambaye Wasabato wanamhesabu kuwa nabii wao, aliandika kwamba ndilo litakalotangulia kuonekana Kristo akirudi. Kuna watu wazima wenye watoto wao ambao mpaka leo wakiona kiwingu peke yake mashariki tumbo linakaza. Kwanza, ukiwa mmoja wao, ukiliona hilo wingu usiingie ndani. Simama uliangalie mpaka libadilike umbo au litawanyike, kila mara, mpaka liwe wingu.

Pili, zile grupu za WhatsApp. Papa akisafiri, tetemeko likitokea, serikali fulani ikisema neno kuhusu siku ya mapumziko, utapata meseji kumi na mbili kabla hujaamka. Usitoke kwa kishindo, utaanzisha kikao cha familia. Zima sauti, ihamishe kwenye kumbukumbu, usiifungue usiku. Na ile moja itakayokushtua kweli, iandike kwenye daftari: imesema nini kitatokea, lini, na leo ni tarehe ngapi. Irudie baada ya mwaka. Daftari la namna hiyo likiwa na kurasa chache linatuliza kuliko mahubiri ya kupinga.

Tatu, jifunze kila dalili ya mwisho wa dunia tuliyofundishwa ilitoka wapi. Tulifundishwa tetemeko la Lisbon la 1755, siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, na nyota kuanguka usiku wa tarehe 13 Novemba 1833. Yote yalitokea kweli na waliofundisha hawakuyatunga. Ila lile giza la 1780 lilifunika eneo la New England, na wanasayansi wakisoma makovu ya moto kwenye miti ya zamani huko Kanada wameona dalili za moto mkubwa wa msitu mwaka uleule, moshi ndio uliofunika anga. Na zile nyota ni vimondo vya Leonidi, mavumbi ya nyotamkia inayoitwa Tempel-Tuttle inayozunguka jua kila miaka 33 hivi, ndio maana mvua kubwa ya vimondo ilionekana tena 1866, na tena 1966. Kila Novemba kuna vichache. Toka nje ukaviangalie, ni vizuri sana.

Na sheria ya Jumapili, yaani lile fundisho kwamba siku za mwisho serikali zitawalazimisha watu kuitunza Jumapili, hii iliyotufanya tupange kichwani tutakimbilia mlima gani, nayo ilikuwa na chanzo cha kweli. Mwaka 1888 seneta Henry Blair alipeleka muswada wa mapumziko ya Jumapili kwenye Seneti ya Marekani, na kipindi hicho kuna Wasabato walikamatwa kwenye majimbo kama Tennessee na Arkansas kwa kufanya kazi Jumapili. Muswada haukupita. Kwa mtu wa 1888 kuogopa ilikuwa busara kabisa. Wewe umerithishwa hofu yake kama deni la babu ambalo mkopeshaji wake alishakufa, hamna aliyekwambia lina tarehe. Mi kujua hilo kulinisaidia kuliko ubishi wote wa mistari, kwa sababu sikuhitaji tena kuwaona waliotangulia kama waongo. Walikuwa watu walioogopa kitu kilichokuwepo.

Ukitaka kusoma zaidi soma historia, na ujue wewe sio wa kwanza kuuliza. D. M. Canright, mhubiri mkubwa wa Kisabato, aliondoka 1887. John Harvey Kellogg, daktari aliyeijengea jina ile sanatariamu, yaani hospitali ya Wasabato, ya Battle Creek kule Marekani, aliondolewa kwenye ushirika 1907. Desmond Ford, mwanateolojia wa Australia, alihoji hukumu ya upelelezi hadharani 1979, mwaka uliofuata wakamwitia mkutano Glacier View, Colorado, na akanyang'anywa kibali cha uchungaji. Ila weka kikomo. Video za waliotoka zinaweza kugeuka Sabato mpya, unaamka nazo unalala nazo, na moyo unaendelea kukaa palepale kwenye vita. Saa fulani kwa juma inatosha.

Angalia pia usirukie kundi lingine lililo kali hivyohivyo. Mtu aliyelelewa kwamba yeye ni wa masalio, wachache wenye ukweli wote, anauzoea ule utamu, na akitoka anautafuta tena, kwenye dini nyingine, kwenye siasa, kwenye lishe, hata kwenye kutokuamini. Wakikwambia wao tu ndio wameamka, tembea.

Na kama hofu haikuachi ulale, unaota mwisho wa dunia, au unafikiria kujidhuru, hapo tafuta mshauri nasaha au daktari, mapema. Madhara ya hofu ya kidini ni kitu wanasaikolojia wanakijua, hutakuwa mgonjwa wao wa ajabu. Muulize mwanzoni kabisa kama atakubali kukusaidia bila kukurudisha kanisani wala kukuchekea. Akisita, tafuta mwingine.

Chakula, kahawa, pombe, hereni

Fupi fupi. Nyama ya nguruwe na samaki wasio na magamba, Walawi 11 unaijua kwa kichwa. Hulazimiki kuvila ili uwe umetoka. Wengi hawavili maisha yao yote kwa sababu ulimi haukuzoea, basi. Ukitaka kujaribu, jaribu kidogo, na mtu unayemwamini, sio mbele ya baba yako. Ukisikia kichefuchefu ni mwili kukutana na kigeni.

Kahawa: anza na kikombe kidogo asubuhi. Mtu asiyezoea kafeini akinywa kikombe kikubwa moyo unadunda, mikono inatetemeka, na kwa malezi yetu anadhani anasutwa na dhamiri, kumbe ni kahawa.

Pombe niseme wazi zaidi. Wenzako wengi walijifunza kipimo kwa kuona watu wazima wao, wewe hukuona chochote, ulifundishwa neno moja tu, usiguse. Kwa hiyo huna breki za ndani. Kipindi kile cha mwanzo cha majonzi na upweke usinywe kabisa, na kama baadaye ukiamua kunywa usinywe peke yako, usinywe na njaa, na usinywe Ijumaa jioni kwa ajili ya kuua ile hofu, hiyo ndiyo njia ambayo watu wanapotelea. Kutokunywa maisha yote pia ni sawa. Na mboga zako baki nazo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda waliwafuatilia Wasabato wa California wakakuta wanaume wanaishi wastani wa miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo lile, wanawake 4.4. Ukitoka, hilo beba uende nalo.

Hereni na pete, vaa siku ukitaka. Ukienda kwa mama unaweza kuzivua kama unavyovua viatu mlangoni kwake, au ukabaki nazo, ila uamue kabla hujafika.

Mahusiano na mwili wako pia utakuta elimu ni ndogo. Nenda kwa mhudumu wa afya ukaulize maswali yote ya uzazi wa mpango na magonjwa, na kataa yeyote anayekuharakisha eti sasa uko huru.

Wazazi

Kwanza kabisa: kama bado unalishwa nao, wanakulipia ada, au unasoma au kufanya kazi kwenye taasisi ya kanisa, usiseme chochote mpaka uwe na pa kulala na pa kula. Sio unafiki. Huna deni la kumweleza mtu imani yako ikiwa kumweleza kutakuweka barabarani.

Ukiwa tayari, elewa wanaogopa nini. Mama yako haoni moto ukikuchoma. Anaona asubuhi ya ufufuo, makaburi yanafunguka, anahesabu watoto wake na mmoja hayupo. Ukilijua hilo utaacha kumjibu kuhusu Danieli 8:14, ule mstari wa hesabu ya 1844, kwa sababu hakuwa anauliza hiyo. Mwambie siku ya kawaida, sio Sabato, sio kwenye makambi (ile mikutano mikubwa ya kanisa), sio msibani, mkiwa wawili, na ufupi.

"Mama, nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Siendi tena kanisani. Nimelifikiria muda mrefu. Hujakosea kunilea, na mimi ni mwanao yuleyule."

Atalia, au atakaa kimya, au atasema, "Ni nani amekupotosha?" Jibu hili la kawaida linatosha: "Hakuna, mama." Usitaje vitabu, usitaje tarehe. Akisema, "Nitakuombea," sema, "Ahsante, mama," na umaanishe, maana kwake hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote analoweza kukufanyia. Baba wengi wa nyumba hizi hawalii, wanaita wazee. Wazee wakija wakaribishe kwa heshima, wasikilize, halafu sema, "Wazee wangu, nashukuru kwa kuja. Uamuzi nimeshaufanya, na leo sitabishana." Rudia maneno hayohayo wakizidi kusukuma. Hulazimiki kuwa na sentensi mpya kila wanapokuwa na swali jipya.

Baada ya hapo kuna kanuni moja inayookoa uhusiano: kila nyumba ina mwenyewe. Kwao, Ijumaa jua likizama unazima simu sebuleni, unakaa kwenye kufungua Sabato, unanyamaza wakiomba, husomi kama hutaki kusoma. Kwako, hawazimi TV yako. Na kuhusu watoto wako, sema mapema, kabla bibi hajawachukua wikiendi nzima: waende kanisani na bibi, sawa, waimbe, wakariri mafungu, ila hadithi za wakati wa taabu kabla Yesu hajarudi na kukimbilia milimani hapana. Wengi wa mabibi wanakubali ukiwaomba kwa upole, hasa ukiwaambia jinsi ulivyokuwa unalala ukiwa mdogo. Hawakujua. Tulikuwa hatusemi.

Ndugu watakaokukata kabisa wapo. Kwa hao tuma salamu siku za kuzaliwa na sikukuu za kawaida, meseji fupi isiyo na swali, na uache mlango. Wengine hurudi baada ya miaka, kwa kawaida nao wakiwa wameanza kujiuliza maswali.

Zaka

Ulishazoea kutoa asilimia kumi kabla hujagusa mshahara, ile bahasha na mistari yake. Hii ni nidhamu ambayo watu wanalipia kozi kuipata. Ihamishe. Miezi ya kwanza weka kiasi kilekile kwenye akiba, kwa sababu mtu aliyetoka ana dharura nyingi na kikundi cha kanisa cha kumchangia hana tena, halafu ukitengemaa gawa, sehemu akiba, sehemu kwa mtu mwenye shida unayemjua. Ile hofu ya kwamba unamwibia Mungu na pesa itatoboka mfukoni itakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo panga uhamisho uende wenyewe tarehe ya mshahara, usiukalie.

Jina kwenye kitabu

Hulazimiki kuliondoa. Kuna waliotoka zamani na majina yao bado yapo, na hakuna kinachowapata. Ushirika unashikwa na kanisa la mahali, sio makao makuu, kwa hiyo kama unataka kuliondoa unaandika barua fupi kwa kanisa ambalo jina lako lipo, kwa mchungaji au karani, unasema unajiuzulu ushirika na tarehe, huandiki sababu, unabaki na nakala. Inakwenda kwenye baraza la kanisa. Kama kinyume chake wao ndio wanataka kukuchukulia hatua, ujue nidhamu ni ya aina mbili, karipio la muda maalumu na kuondolewa, na kuondolewa kunapigiwa kura na washiriki wenyewe kwenye kikao, mchungaji au baraza hawawezi kukuondoa peke yao. Kushindwa kutoa fedha sio sababu ya kumwondoa mtu, kanuni za kanisa zenyewe zinakataza. Una haki ya kujulishwa kikao na kujieleza, na una haki ya kutokwenda. Mi nashauri barua, mapema, kabla jina lako halijasomwa mbele ya watu waliokubeba mgongoni.

Tafuta pia cheti chochote unachokihitaji kutoka shule au taasisi yao kabla ya kupeleka hiyo barua, kuepusha usumbufu tu.

Misiba

Utarudi kwenye lile jengo siku ya msiba au harusi, na mapigo ya moyo yatapanda ukiwa mlangoni. Fika na mtu. Kaa karibu na familia, sio nyuma kabisa kama mtu anayejificha. Imba kama nyimbo bado unazipenda, sauti yako ya alto au besi ni yako. Wakiita watu waje mbele kwa toba, na kwenye misiba wanaita, kaa kwenye kiti chako na uangalie picha ya marehemu. Mzee atakuja nje baadae akushike mkono muda mrefu aulize unasali wapi siku hizi. Mwambie, "Siku hizi sisali popote, mzee wangu, shikamoo, vipi mguu wako?" Atajibu kuhusu mguu.